MAKALA, UMEME NA LIKELEMBA: USHIRIKIANO NA NISHATI JADIDIFU MJINI KINDU

1.0 Utangulizi

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa akiambiwa kwamba makala yamepanda bei sokoni Kindu, huenda akadhani kwamba wakazi wa mji huo wana kiu kubwa ya maandishi ya kitaaluma. Katika Kiswahili cha pwani, na pia katika Kiswahili sanifu, makala ni maandishi yanayojadili mada fulani, na neno lenyewe asili yake ni Kiarabu. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, makala ni mkaa: ni kile kinachobebwa ndani ya magunia kutoka msituni, kinachopimwa kwa makopo sokoni, na kinachoivisha sombe na bugali karibu kila siku.

Neno hili la Kongo si kosa la matamshi. Ni neno la Kibantu la kale ambalo katika lahaja za pwani lilipoteza sauti /l/ iliyokuwa katikati ya irabu mbili, likabaki makaa; kama vile neno ambalo katika lugha nyingi za Kongo ni nzala lilivyokuwa njaa katika pwani. Kutokana na shina hilo hilo wataalamu wa istilahi waliunda jina la hewa ukaa, yaani gesi ambayo wingi wake unalipa joto anga la dunia. Kwa hiyo makala ya soko la Kindu na hewa ukaa inayojadiliwa katika mikutano ya kimataifa ni ndugu wa tumbo moja katika lugha, kama walivyo ndugu katika kemia.

Makala haya, kwa maana ya pwani, yanakusudia kueleza uhusiano uliopo baina ya mambo matatu: nishati wanayoitumia watu wa Kindu, nishati jadidifu ambayo mkoa wa Maniema unaweza kuipata, na namna za ushirikiano ambazo jamii ya Kongo imekwisha kuzijaribu. Itaonyeshwa kwamba mitambo peke yake haitatui tatizo. Swali lililo gumu zaidi ni hili: watu washirikiane kwa namna gani, na kwa masharti gani? Kwa bahati njema, Kiswahili cha Kongo kina maneno mawili yanayolitenganisha swali hilo vizuri, nayo ni salongo na likelemba.

2.0 Mji wa Kindu na nishati yake

Kindu ni makao makuu ya mkoa wa Maniema, uliopata hadhi ya mkoa mwaka 1988 wakati Kivu ya zamani ilipogawanywa sehemu tatu. Mji umejengwa katika kingo mbili za mto Lualaba: Kasuku na Mikelenge ziko ng'ambo ya magharibi, na Alunguli ng'ambo ya mashariki. Reli iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 inauunganisha mji huu na Kongolo na nchi ya Katanga upande wa kusini, na vyombo vya majini hushuka kutoka Kindu hadi Ubundu upande wa kaskazini. Kiswahili ni cha siku nyingi hapa. Kililetwa na misafara ya biashara ya karne ya 19, ambayo vituo vyake vikubwa vilikuwa Nyangwe na Kasongo. Leo ni lugha ya soko, ya msikiti, ya kanisa na ya kivuko, na Katiba ya mwaka 2006 inakitaja miongoni mwa lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Lingala na Chiluba.

Licha ya kukaa kando ya mto mkubwa na chini ya jua la Ikweta, mji huu kwa miaka mingi umeishi kwa nishati za aina mbili zisizotoka katika mto wala katika jua. Ya kwanza ni makala na kuni kwa ajili ya kupikia. Ya pili ni mafuta: petroli ya kuwashia vibatari, na mazuti ya kuendeshea jenereta za ofisi, hospitali, maduka na redio. Mafuta hayo husafiri mbali kabla ya kufika Kindu, na kila hatua ya safari huongeza bei. Garimoshi likichelewa au barabara ikikatika kwa mvua, taa huzimika, mashine za kusaga husimama, na dawa zinazohitaji baridi huharibika.

Hali hii si ya Kindu pekee. Katika mwanzo wa miaka ya 2020, kwa makadirio ya Benki ya Dunia, takriban mtu mmoja kati ya watano katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndiye aliyefikiwa na umeme, na vijijini idadi ilikuwa ndogo zaidi. Idadi kubwa kabisa ya jamaa hupika kwa kuni au makala.

3.0 Kutoka makala hadi hewa ukaa

Ili kufahamu jinsi makala yanavyogusa tabianchi, ni lazima kuanzia kwenye tanuri. Mchoma makala hukata miti, huipanga, huifunika kwa majani na udongo, kisha huiwasha na kuiacha iungue polepole kwa siku kadhaa bila ya hewa ya kutosha. Katika tanuri la kienyeji la namna hii, kilo 100 za kuni kavu aghalabu hutoa kilo 10 hadi 20 tu za makala. Sehemu kubwa ya nguvu iliyokuwa ndani ya mti hupotea kwa moshi kabla gunia la kwanza halijafungwa.

Hata hivyo, haifai kumhukumu mchoma makala kwa haraka. Kuni zenyewe ni nishati jadidifu, kwa kuwa mti mpya unaoota huifyonza tena hewa ukaa iliyotolewa na mti uliochomwa. Tatizo huanza pale ambapo ukataji unaushinda uotaji. Mji unapokua, msitu ulio karibu huisha. Wachomaji huenda mbali zaidi. Ardhi iliyoachwa wazi hulimwa bila kupumzishwa, na mti haupati muda wa kurudi. Hapo makala huacha kuwa nishati inayojirudia, yakawa akiba inayotumiwa bila kurejeshwa.

Akiba hiyo ni kubwa mno. Kongo inamiliki zaidi ya nusu ya misitu ya mvua ya bonde la mto Kongo, msitu wa pili kwa ukubwa duniani baada ya ule wa Amazon. Mwaka 2017 wanasayansi walitangaza kwamba ardhi ya mboji iliyoko katika vinamasi vya katikati ya bonde hilo, magharibi mwa Maniema, imehifadhi takriban tani bilioni 30 za kaboni. Nayo serikali, mwaka 2016, ilianzisha Hifadhi ya Taifa ya Lomami katika mikoa ya Maniema na Tshopo, katika misitu ambamo nyani mdogo aitwaye lesula alitambuliwa na sayansi mwaka 2012 tu, ingawa wawindaji wa huko walimjua siku zote.

Kabla ya mapinduzi ya viwanda, hewa ukaa angani ilikuwa takriban sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa; katika miaka ya 2020 imepita 420. Ziada hiyo haikutoka Maniema. Imetoka kwa wingi katika makaa ya mawe, mafuta na gesi vilivyochomwa na nchi zenye viwanda. Lakini athari zake haziulizi kosa ni la nani. Mwezi wa Mei 2023 mvua kubwa iliangamiza vijiji katika wilaya ya Kalehe, Kivu ya Kusini, ikaua mamia ya watu. Mwezi wa Januari 2024 mto Kongo ulipanda mjini Kinshasa hadi kimo kilichokaribia kile cha gharika ya 1961. Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake huingia Lualaba kwa njia ya mto Lukuga, nalo lilifurika na kuhamisha watu katika miji ya pwani zake katika miaka hiyo hiyo.

4.0 Maji na jua: nishati iliyopo na njia inayopita

Istilahi ya nishati jadidifu ina maana ya nishati inayojifanya upya yenyewe: maji yaendayo kwa kasi, jua, upepo, na mimea inayopandwa tena. Kongo imejaliwa nishati hiyo kupita kiasi. Maporomoko ya Inga peke yake yanakadiriwa kuwa na uwezo wa takriban megawati 40,000. Mtambo wa Inga I ulianza kazi mwaka 1972 na Inga II mwaka 1982. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikamilishwa pia waya wa umeme wenye urefu wa kilometa 1,700 hivi, kutoka Inga hadi Kolwezi, ili kuihudumia migodi ya Shaba, yaani Katanga.

Waya huo unapita juu ya vijiji vingi visivyo na taa. Sababu yake ni ya kiufundi na ya kisiasa kwa pamoja. Umeme unaopita humo ni wa mkondo mnyoofu wenye nguvu nyingi sana, ambao hauwezi kukatiwa kijiji bila ya kujenga kituo cha gharama kubwa cha kuugeuza. Waliouchagua walikuwa wanafikiria migodi iliyoko mwisho wa safari. Aliye njiani hakuhesabiwa. Hali kadhalika katika Maniema: kituo cha umeme wa maji cha Lutshurukuru, karibu na Kalima, kilijengwa enzi ya ukoloni kwa ajili ya machimbo ya bati. Mto ulikuwa wa wote, lakini umeme ulikuwa wa mgodi.

Katika karne hii mambo mawili yamebadilika. Kwanza, sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 iliufungua utengenezaji na uuzaji wa umeme kwa makampuni binafsi na kwa serikali za mikoa, mahali ambapo zamani Shirika la Taifa la Umeme, SNEL, lilikuwa peke yake. Pili, bei ya mabamba ya jua imeshuka sana. Mjini Goma, mwaka 2020, kampuni iitwayo Nuru ilizindua mtambo wa jua wa megawati 1.3, wenye mtandao wake wenyewe wa nyaya. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilitangaza kwamba imepata mtaji wa zaidi ya dola milioni 40 kwa ajili ya mitambo katika miji mitatu: Goma, Bunia na Kindu. Ni jambo la kuangaliwa pia na mwanaisimu kwamba kampuni hiyo haikuchagua jina la Kifaransa wala la Kiingereza, bali neno ambalo kila mkazi wa Kindu hulielewa bila mkalimani.

Kindu iko takriban digrii 3 kusini mwa Ikweta. Mchana wake haupungui sana saa kumi na mbili katika mwezi wowote, na hivyo bamba la jua halikutani na majira ya kiza ya nchi za kaskazini, ingawa mawingu ya masika hupunguza nguvu zake. Tena, Maniema ina mkono wake ndani ya mabamba hayo. Vijitepe vinavyounganisha seli za jua hufunikwa kwa risasi ya kulehemu yenye bati, na bati ni zao ambalo mkoa huu umelichimba tangu enzi ya ukoloni. Nayo kobalti ya betri nyingi za dunia hutoka kusini mwa nchi hii. Jiwe hutoka Kongo likiwa mzigo, hurudi likiwa bidhaa ya bei.

5.0 Hesabu ya taa na hesabu ya chungu

Kuna kosa moja ambalo hutokea mara kwa mara katika mazungumzo ya nishati jadidifu, nalo ni kudhani kwamba umeme wa jua ukifika, makala yatatoweka. Hesabu ndogo inatosha kulionyesha kosa hilo.

Tuseme nyumba moja ina taa tatu za wati 5 kila moja, redio ya wati 10, na simu inayochajiwa kwa wati 5. Jumla ni wati 30. Vikitumika kwa saa tano, vitakula wati-saa 150. Nyumba 20 za namna hiyo zitakula wati-saa 3,000, yaani kilowati-saa 3 kwa usiku mmoja. Sasa tuchukue jiko moja la umeme la wati 1,000, linalotumika kwa saa tatu kupikia maharage na bugali. Nalo litakula kilowati-saa 3. Umeme unaozitosha nyumba 20 kwa mwanga unaitosha nyumba moja tu kwa chungu.

Kwa hiyo mwanga na chungu ni vita viwili tofauti. Bamba la jua huiondoa petroli ya kibatari na hupunguza mazuti ya jenereta; hilo ni jema kwa mapafu ya watoto na kwa mfuko wa mama wa nyumbani. Lakini msitu haukatwi kwa ajili ya taa. Msitu hukatwa kwa ajili ya chungu. Kuulinda msitu kunahitaji mambo mengine: majiko yanayotumia makala machache zaidi, umeme mwingi wa maji pale ambapo mto unaruhusu, na miti inayopandwa kwa nia ya kuchomwa. Mfano wa jambo hili la mwisho upo Mampu, katika uwanda wa Bateke, mashariki ya Kinshasa. Huko zilipandwa takriban hekta 8,000 za akasia, na jamaa 320 hivi wakagawiwa hekta 25 kila moja. Wao hulima mihogo katikati ya miti michanga, hufuga nyuki, kisha huvuna miti na kuchoma makala, na mbegu zilizobaki ardhini huota tena. Makala hayo ni jadidifu kwa maana kamili ya neno.

Mambo haya yote, yawe ya taa au ya chungu, yana tabia moja: mtu mmoja peke yake hayawezi. Mtu mmoja hanunui mtambo wa mto, wala haulindi msitu unaovamiwa na jirani yake. Kidole kimoja, wasemavyo wahenga, hakivunji chawa.

6.0 Salongo na likelemba

Tangu zamani jamii za Maniema, wawe Wasongola, Wakusu, Warega au wengineo, zimefanya kazi za pamoja katika mashamba, uvuvi na ujenzi wa nyumba. Lakini neno linalosikika zaidi nchini Kongo kwa kazi ya umma ni salongo, neno lililoenezwa na utawala wa Mobutu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Salongo ilikuwa kazi isiyo na malipo: kufyeka kando ya barabara, kuzibua mitaro, kulima shamba la serikali. Ilisemwa kuwa ni ya hiari ya wananchi wote. Aliyekosa kufika aliiona hiari hiyo kwa macho yake. Kwa wazee wa Maniema jambo hilo halikuwa geni, kwa kuwa amri ya kikoloni ya mwaka 1917 iliwalazimisha baba zao kulima pamba kwa kipimo na kuiuza kwa bei iliyopangwa na wengine. Ndiyo maana hadi leo neno salongo hutoa ladha mbili kinywani: ladha ya usafi wa mtaa, na ladha ya amri.

Neno la pili, likelemba, limesambaa kwa njia ya Lingala. Watu kadhaa, aghalabu wanawake wa soko moja au wafanyakazi wa ofisi moja, hukubaliana kutoa kiasi fulani kila wiki au kila mwezi. Fedha zote hupewa mmoja wao kwa zamu, mpaka wote wafikiwe. Huu ndio upatu wa Tanzania. Hakuna karatasi ya mahakama. Dhamana ni kujuana. Anayepokea zamu yake kisha akaacha kutoa hupoteza jina, na mjini Kindu, kama popote penye biashara ya mkopo, jina ni mtaji.

Tofauti baina ya maneno haya mawili ni ya msingi. Katika salongo mtu hutoa nguvu zake wala haulizi itakuwaje baadaye, kwa kuwa kilichojengwa si chake. Mtaro ukiziba tena, atangoja aitwe tena. Katika likelemba mtu hutoa kwa kuwa zamu yake inajulikana, na kila mwanachama ni mkaguzi wa mwenzake.

Hata hivyo, likelemba nayo ina upungufu wake kwa kazi ya umeme. Likelemba ina mwisho: zamu zikitimia, mduara hufungwa, na kila mmoja ameondoka na fedha zake. Mtambo wa umeme hauna zamu. Wote hunufaika usiku ule ule wa kwanza, na hakuna anayeupeleka nyumbani kwake. Kutoa nako hakuishi, kwa sababu betri huchakaa: ya risasi aghalabu kwa miaka mitatu hadi mitano, ya lithiamu baada ya miaka mingi zaidi. Kikundi kinachonunua mtambo kwa moyo wa likelemba, kisha kikaacha kuchanga kwa kuwa kila mmoja amekwisha kupata taa, kitabaki gizani siku betri itakapokufa. Kinachotakiwa, basi, ni uaminifu wa likelemba uliounganishwa na sanduku lisilofungwa.

7.0 Mifano miwili kutoka Afrika ya Mashariki

Muungano wa namna hiyo umekwisha kujaribiwa kwingine. Nchini Kenya, chini ya Mlima Kenya, wanakijiji wapatao 200 wa Mbuiru walijenga mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtambo mdogo wa maji wa Tungu-Kabiri, wenye kilowati 18. Kila mmoja alinunua hisa, na kiwango cha juu cha hisa kiliwekewa mpaka wa takriban dola 50 ili tajiri asiwameze wengine. Hali kadhalika walitoa kazi ya mikono: kila Jumanne, kwa muda uliozidi miaka miwili, walichimba misingi na kujenga nyumba ya mtambo. Kwa umbo, Jumanne hizo zilikuwa salongo. Kwa maana, zilikuwa kitu kingine, kwa kuwa kila aliyechimba alikuwa mwenye hisa.

Nchini Tanzania, wilayani Ludewa, watumiaji wa umeme wa mtambo wa maji wa Mawengi, wenye kilowati 300, waliunda jumuiya yao na kuiita LUMAMA, jina lililoungwa kutokana na Lupande, Madunda na Mawengi. Jina hilo lenyewe ni mkataba mdogo: hakuna sehemu iliyoachwa nje ya neno, na kwa hiyo hakuna iliyoweza kusema kwamba mtambo ni wa jirani. Tanzania ina funzo jingine pia, la kinyume. Vyama vya ushirika wa mazao vilivyoanzishwa na wakulima vilivunjwa na serikali mwaka 1976, vikaruhusiwa kurudi kwa sheria ya mwaka 1982. Ushirika unaoweza kufutwa kwa kalamu ya mkubwa hukosa kuaminiwa hata pale unaporejeshwa.

Mifano hii inaonyesha masharti matatu. Mosi, kila mchangaji awe na haki inayojulikana, hata kama ni ndogo. Pili, mfuko wa matengenezo utengwe tangu siku ya kwanza na hesabu zake zisomwe hadharani. Tatu, hesabu hizo zisomwe katika lugha ya wenye mtambo.

Sharti hili la tatu lawahusu moja kwa moja wanafunzi na walimu wa Kiswahili. Nchini Kongo mikataba, vipimo na miongozo ya mitambo huandikwa kwa Kifaransa, ilhali mkutano wa mtaa huendeshwa kwa Kiswahili. Katikati ya lugha hizo mbili huzaliwa mtu mmoja mwenye nguvu kupita wote: yule anayejua kusoma karatasi. Ataamua ni kipi kitafsiriwe na ni kipi kiachwe. Istilahi zilizoundwa Dar es Salaam na Nairobi, kama vile nishati jadidifu, tabianchi na hewa ukaa, zinaweza kusaidia, lakini hazitoshi zikiingizwa Kindu bila ya kuelezwa. Mtu akiambiwa kwamba hewa ukaa inatoka katika ukaa, na ukaa na makala ni neno moja, ameshapata nusu ya somo la kemia kwa lugha ya mama yake.

8.0 Hitimisho

Imeelezwa hapo juu kwamba nishati jadidifu mjini Kindu ina pande mbili, mwanga na chungu, na kwamba kila upande wadai ushirikiano wa watu wanaojuana, wanaomiliki na wanaokaguana. Linabaki swali la ushirikiano mkubwa zaidi, ule wa mataifa.

Katika mkutano wa Copenhagen wa mwaka 2009, nchi tajiri ziliahidi kuzichangia nchi zinazoendelea dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020. Kwa hesabu ya nchi hizo zenyewe, kiasi hicho kilifikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Mwaka 2024, mjini Baku, ahadi mpya ya dola bilioni 300 kwa mwaka iliwekwa, nayo ifikiwe mwaka 2035. Wakati huo wote watu wa Maniema wanaombwa, kwa haki, wasiumalize msitu, kwa kuwa msitu huo ni pumzi ya dunia nzima. Wanatoa mchango wao kila siku: shamba lisilofyekwa, mti usiokatwa, machimbo yasiyofunguliwa ndani ya hifadhi.

Maneno mawili ya Kongo yanatosha kuupima mpango huo. Anayetoa kila mwezi huku akiijua zamu yake, na zamu ikafika, yumo katika likelemba. Anayetoa kila mwezi wala zamu haimfikii, hata akisifiwa kwa maneno mazuri namna gani, yumo katika salongo. Umeme wa mto na wa jua utakapoingia katika nyumba za Alunguli kama ulivyoingia katika migodi ya Kolwezi, watu wa Kindu hawatahitaji mtaalamu wa lugha kuwaambia wamo katika lipi.